Wiki Nane kwa Jozi Moja

Ngozi ya ndama ikishatandazwa mezani, mkataji haianzi kwa kisu. Anaianza kwa viganja. Anaivuta huku, anaivuta kule, anakunja pembe na kuikunjua, kisha anaigeuza kuelekea dirishani ili mwanga uipige kwa ubavu na kila kilichojificha kijitokeze. Anatafuta mambo ambayo mnunuzi hatayaona kamwe: mkwaruzo wa seng'enge uliopona zamani, tundu la kupe, mshipa uliojichora juu ya ngozi, mikunjo ya shingoni, sehemu ya tumbo iliyolegea. Akishaijua ngozi yote ndipo anapoweka kiolezo cha kwanza, chenye ukingo uliozungushiwa shaba, na kupitisha kisu chake kifupi pembeni mwake. Kisu kinasimama wima, kinazunguka kona kwa mwendo mmoja, wala hakirudii njia kiliyokwisha pita.

Hapa ni Northampton, mji wa katikati ya Uingereza, kama kilomita 100 kaskazini-magharibi ya London, katika kiwanda cha Crockett & Jones kilichopo Perry Street. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1879 na watu wawili waliounganishwa na ndoa, Charles Jones na shemeji yake James Crockett, na hadi leo ingali mali ya familia. Jozi moja ya viatu vyake hupita katika hatua zaidi ya 200 na huchukua hadi wiki 8 kukamilika. Wiki 8, katika zama ambazo kiatu cha plastiki hutoka kwenye mtambo kikiwa kizima kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai. Muda huo haupotei bure, na njia ya kuuelewa ni kuufuata mkono baada ya mkono.

Turudi kwa mkataji, maana makosa yake hayasahihishwi na yeyote atakayemfuata. Ngozi haivutiki sawa pande zote. Kufuata uti wa mgongo inakaza. Kwa upana inalegea. Kipande kitakachofunika vidole lazima kikatwe ili kikaze kwa urefu na kiachie kidogo kwa upana, kwa sababu mguu unapokanyaga hutanuka kando. Kipande hicho kikikatwa kinyume, kiatu kitapendeza dukani na kupinda baada ya mvua mbili tatu. Sehemu iliyo bora kabisa, mgongoni na kuelekea matakoni, ndiyo inayotoa pua ya kiatu. Ubavuni hutoka vipande vya pembeni. Ulimi wa kiatu na vipande vinavyofichika hutolewa karibu na tumbo na shingo. Halafu kuna suala la upacha: kiatu cha kulia na cha kushoto lazima vitoke mahali panapofanana kwenye ngozi ile ile, vipokee rangi sawa, vizeeke pamoja.

Yote haya mkataji anayapanga kichwani huku akikumbuka kwamba ngozi ndiyo mali ghafi ya bei kubwa kuliko zote kiwandani. Akiacha nafasi ya kidole kimoja kati ya kipande na kipande, mwisho wa mwaka hasara inahesabika. Viwanda vingi siku hizi hukandamiza ngozi kwa visu vya umbo vilivyofungwa kwenye mashine, na kwa viatu vya kawaida hilo linatosha. Lakini kwa viatu vya daraja la juu kisu cha mkono bado hakijastaafu, kwa kuwa mashine haijajifunza kuona alama ya kupe.

Mwanga nao ni kifaa cha kazi. Mwaka 1935 kampuni iliongeza jengo la ghorofa tano la chuma na vioo, na ukilitazama leo unaona madirisha yakifunika karibu ukuta mzima. Mtu anayetofautisha weusi wa uzi na weusi wa ngozi kuanzia asubuhi hadi jioni hawezi kufanya kazi gizani.

Kwa nini Northampton? Mji huu ulibahatika kuwa na vitu vitatu mahali pamoja: ng'ombe kwenye malisho ya jirani, maji ya mto Nene, na misitu ya mialoni ambayo gome lake hutumika kusindika ngozi. Kufikia mwaka 1642 mafundi wa hapa walikuwa wengi kiasi cha kupokea pamoja oda ya jozi 4,000 za viatu na 600 za buti kwa ajili ya jeshi lililokuwa likienda Ireland. Hata timu ya mpira ya mji inaitwa kwa utani Mafundi Viatu. Basi Charles Jones na James Crockett hawakuanza mahali pa jangwa. Walichokosa ni mtaji. Kila mmoja alipata pauni 100 kutoka mfuko wa hisani wa Thomas White, mfanyabiashara wa nguo wa karne ya 16 aliyepata kuwa Meya wa London, ambaye mali yake iliendelea, zaidi ya miaka 300 baada ya kifo chake, kuwasaidia vijana wenye tabia njema wa Northampton na Coventry kuanza shughuli zao wenyewe. Napenda kwamba sifa iliyotajwa ni tabia njema. Kazi hii inaihitaji.

Vipande vikishakatwa vinafungwa pamoja na kupelekwa kwa washonaji. Hapa ngozi inageuka kuwa kitu chembamba cha kuogopesha. Kingo zinakwanguliwa kwa ndani ili kipande kikilazwa juu ya kingine pasitokee uvimbe. Mshonaji anapima kwa kidole gumba, na kidole hicho kinatambua tofauti ambayo jicho haliioni. Ukingo unapakwa gundi, unakunjwa, unagongwa kwa nyundo ndogo mpaka ulale. Kama kiatu ni cha mapambo, vitundu vinatobolewa kwa safu, kikubwa kimoja kikifuatwa na vidogo viwili, na safu hiyo lazima ifike mwisho wa ukingo bila kubakiza nusu ya tundu. Ndipo cherehani inaanza. Mistari miwili ya mshono inakwenda sambamba, imeachana kwa kiasi cha milimita moja au mbili, ikizunguka ncha na kona. Akifika kwenye kona kali, mshonaji anaondoa mguu kwenye kanyagio na kuzungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, tundu moja moja, hadi amalize kupinda. Ngozi si kitambaa. Tundu likikosewa haliwezi kufumuliwa. Linabaki pale pale, na kipande kinatupwa.

Kwa desturi kazi hii imekuwa mikononi mwa wanawake, na asili yake ni majumbani. Kabla ya viwanda, bwana alipeleka ngozi iliyokatwa nyumba kwa nyumba. Mama na watoto wakashona sehemu ya juu jikoni, baba akaunganisha soli kwenye kibanda cha uani. Mwishoni mwa miaka ya 1850 cherehani zilipoanza kuingia, mafundi wa Northampton waligoma. Waliona wazi kwamba mashine ikishaingia, kazi itatoka nyumbani na kuhamia ndani ya kuta za mtu mwingine, kwa saa za mtu mwingine. Waliona sawasawa, na ndivyo ilivyokuwa. Siwezi kusifu ustadi wa viwanda hivi nikasahau kwamba ulijengwa juu ya ujuzi wa watu ambao hawakuulizwa. Lakini ujuzi wenyewe haukufa. Ulihamia Perry Street ukakaa kwenye mikono ya wengine.

Sehemu ya juu ikishashonwa pamoja na bitana yake, ni mfuko mlaini usio na umbo. Umbo linatoka kwenye kalibu.

Kalibu ni mguu wa bandia, zamani wa mbao na sasa mara nyingi wa plastiki ngumu, na ndiyo siri ya nyumba ya viatu. Kila kalibu ina namba yake, na wapenzi wa viatu huzitaja namba hizo kama watu wengine wanavyotaja wachezaji. Mchonga kalibu anaamua kisigino kibanwe kiasi gani, kiuno cha kiatu kiingie ndani kiasi gani, pua iwe ya duara au iliyochongoka kidogo. Mabadiliko ya milimita moja juu ya kidole kikubwa yanatosha kumfanya mtu mmoja atembee kwa raha na mwingine achechemee. Halafu kila umbo linahitaji saizi zake zote na upana wake wote, kulia na kushoto. Kwa kipimo cha Waingereza, saizi moja na inayofuata hutofautiana kwa theluthi moja ya inchi, yaani milimita 8 na nusu hivi, urefu uliorithiwa tangu enzi ambapo watu walipima kwa punje ya shayiri. Saizi za nusu zipo kati yake. Ndiyo maana rafu za kalibu katika kiwanda cha aina hii hufika darini.

Chini ya kalibu inapigiliwa soli ya ndani, kipande cha ngozi ambacho mguu utakikalia kwa miaka. Upande wake wa chini umezungushiwa ukuta mdogo, kiasi cha urefu wa ukucha, ambao mshono mkuu utaushika. Kati ya ngozi ya juu na bitana vinaingizwa vigumu viwili, kimoja mbele kulinda vidole na kingine nyuma kushika kisigino. Ngozi inalainishwa kwa mvuke. Sasa fundi anauvalisha ule mfuko kwenye kalibu na kuuweka kwenye mashine yenye koleo kadhaa, nazo zinauma ukingo na kuuvuta chini kwa nguvu.

Ni mashine ndiyo inayovuta, ila fundi ndiye anayeona. Kabla hajairuhusu kumaliza, anainama na kukitazama kiatu kwa mbele, jicho likiwa usawa wa pua yake. Mstari wa kofia ya vidole umekaa mlalo? Mshono wa nyuma umesimama wima? Kiatu cha kulia kimepanda sawa na cha kushoto? Kikiwa kimepinda kidogo tu, anaachia koleo, anasogeza kwa vidole, anavuta upya. Kwenye pua, ambapo ngozi nyingi inapaswa kujikusanya mahali padogo, mikunjo inasukumwa yote chini ya kiatu ili juu pabaki pasafi. Anagonga kwa nyundo, anapapasa, anagonga tena.

Kisha hafanyi kitu. Kiatu kinawekwa kwenye toroli na kusubiri juu ya kalibu yake. Anayefahamu chapati anajua kwamba donge lililokandwa sasa hivi ukilisukuma linarudi nyuma, na ukilipumzisha linakutii. Ngozi iliyovutwa nayo ina kiburi hicho hicho, ila mapumziko yake hayahesabiwi kwa dakika. Kiatu kikivuliwa mapema kitasahau umbo kilichofundishwa. Kikiachwa, nyuzi za ngozi zinatulia katika mkao mpya na kuukubali. Sehemu ya zile wiki 8 iko hapa, katika kusubiri. Mhasibu yeyote angetamani kuikata. Viatu vinavyotembea sakafuni kwa matoroli, vimebeba kalibu zake tumboni, ni fedha iliyolala, na kuilaza fedha namna hiyo kizazi baada ya kizazi kunataka wenye mali wanaokubaliana kuhusu kitu fulani kabla ya kukaa kuhesabu faida.

Inayofuata ndiyo hatua iliyobadilisha historia ya kampuni. Kwa karne nyingi soli ilishonwa kwa mkono: fundi ameketi, kiatu kimefungwa pajani kwa mkanda, msharasi unatoboa, nyuzi mbili za kitani zilizopakwa nta zinapishana katika tundu moja na kukazwa kwa mikono iliyotanuliwa. Katika miaka ya 1870 Charles Goodyear mdogo, mwana wa yule Mmarekani aliyegundua namna ya kuuimarisha mpira kwa joto na salfa, aliendeleza mashine ya kuifanya kazi hiyo. Miaka ya 1890 wana wa waanzilishi, Harry Crockett na Frank Jones, walikwisha ingia katika kampuni. Ndipo mashine hizo zilipoanza kutumika na shughuli ikahamia Perry Street.

Tazama inavyokwenda. Fundi anashika kiatu kwa mikono miwili, chini juu. Ukanda mwembamba wa ngozi unaingia kutoka pembeni. Sindano iliyopinda inatoboa ukanda, ngozi ya juu, bitana na ule ukuta mdogo wa soli ya ndani, vyote vinne kwa pigo moja, na kuufunga uzi uliopitia kwenye nta ya moto. Nta ikipoa inaziba kila tundu maji yasipite. Anaanza upande mmoja wa kisigino, anazunguka pua, anaishia upande wa pili wa kisigino. Ni kazi ya nusu dakika hivi. Hakuna reli inayokiongoza kiatu. Mikono yake ndiyo reli. Kwenye ubavu anakwenda wima, kwenye pua analazimika kukizungusha kiatu kwa kasi ile ile sindano inayotembea nayo. Akichelewa, mishono inabanana na kuikata ngozi. Akiwahi, inaachana. Akiinamisha mkono, sindano inaichana sehemu ya juu, na kazi ya mkataji, ya washonaji na ya wavalishaji inaishia pipani. Watu husema mashine iliondoa ustadi. Mimi naona iliubana ukaingia ndani ya nusu dakika.

Sasa kuna uwazi katikati ya chini ya kiatu. Kiunoni pake kinalazwa kipande kigumu cha mbao au chuma ili upinde wa mguu usizame. Mbele panajazwa mchanganyiko wa moto wa chembe za lile gome jepesi wanalotengenezea vizibo vya chupa, unasambazwa kwa mwiko mpaka usawa. Mchanganyiko huu ni mlaini kwa makusudi. Miezi ya kwanza mvaaji atautengeneza mwenyewe kwa uzito wake, na soli ya ndani itashuka taratibu kufuata nyayo zake, mpaka mtu mwingine akivaa kiatu hicho ajue kwamba si chake.

Soli ya nje nayo ina subira yake iliyotangulia. Viatu vya daraja la juu kabisa hupewa soli iliyosindikwa kwa gome la mwaloni. Uingereza bado kuna kiwanda cha Baker huko Colyton, katika jimbo la Devon, kinachofanya kazi hiyo kwa njia ya kale: ngozi nzito zinaning'inizwa katika mashimo ya maji ya gome, kutoka maji mepesi kwenda mazito, na kazi nzima huchukua takriban mwaka. Dawa za kisasa zingefanya kwa siku chache. Lakini ngozi iliyokunywa gome polepole inakuwa nzito, ngumu, haipitishi maji kirahisi, na inavumilia lami.

Soli inagandishwa kwa gundi, inapunguzwa pembeni kufuata umbo la kiatu, na hapo unafanyika ufundi mmoja wa kujificha. Kwa kisu kinachochanja pembeni mwa soli, ngozi ya chini inafunuliwa kama unene wa karatasi nzito kuzunguka kiatu chote. Mshono wa pili unapita ndani ya mfereji huo, ukiunganisha soli na ule ukanda tu. Gundi inapakwa, ngozi iliyofunuliwa inarudishwa chini, inasuguliwa kwa chuma hadi ifunge. Ukikigeuza kiatu dukani huoni hata uzi mmoja. Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya upande unaokanyaga ardhi.

Ninapenda pia ujenzi wa kisigino: tabaka za ngozi zinapangwa moja juu ya nyingine, zinabanwa, zinapigiliwa misumari, na ya mwisho inapewa kona ya mpira nyuma, pale viatu vya kila binadamu vinapolika. Kisha kinakuja kisu cha kuzunguka kwa kasi kubwa, na fundi anakileta kiatu kwake kwa mikono mitupu, bila kizuizi chochote, akichonga ukingo wa soli na kisigino hadi viwe laini. Kina cha milimita moja zaidi na kisu kimeufikia mshono. Baada ya hapo ni msasa mnene, msasa mwembamba, rangi, nta, na pasi ya moto inayosukuma nta ndani ya ngozi mpaka ukingo ung'ae. Kigurudumu chenye meno kinapitishwa juu ya ukanda na kuacha alama kati ya mshono na mshono.

Kiwanda hiki kiliwahi pia kwenda mbio. Katika Vita vya Pili vya Dunia kampuni ilitengeneza zaidi ya jozi milioni moja kwa ajili ya majeshi. Hiyo ilikuwa kasi ya lazima, na inaonyesha kwamba watu hawa wangeweza kuchagua wingi. Wengine walichagua hivyo kwa heshima kubwa. Tomáš Baťa, aliyeanzisha kampuni mwaka 1894 mjini Zlín pamoja na ndugu zake Antonín na Anna, naye alitoka katika ukoo wa washona viatu. Mwaka 1922, uchumi ulipobana, alipunguza bei kwa nusu, na jina lake likafika mpaka Limuru, Kenya. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimekwenda shule na viatu vya Bata, na sidhani kuna familia ya mafundi iliyoweka viatu miguuni mwa watu wengi zaidi wasio na uwezo. Hiyo ni barabara moja. Jonathan Jones, kitukuu cha Charles Jones, alipoingia Perry Street mwaka 1977, viwanda vya viatu vya Uingereza vilikuwa vikifungwa kwa sababu ya viatu rahisi vya kutoka nje, na kushindana navyo kwa bei kusingewezekana. Yeye aliipeleka kampuni upande wa pili: viatu vya kiume vilivyoshonwa kwa ukanda, vya hali ya juu, vya kuuza duniani kote. Kile kilichoonekana kuwa kasoro ya biashara, mwendo wake wa polepole, kikawa ndicho kinachouzwa.

Sifa zilikuja. Daniel Craig alivivaa viatu hivi alipocheza James Bond katika filamu ya Skyfall ya mwaka 2012, na mwaka 2017 kampuni ilipata kibali cha kuwa mtoa huduma wa Mwanamfalme wa Wales, ambaye sasa ni Mfalme Charles. Ni mambo mazuri, na hayamsaidii mkataji kuona alama ya kupe.

Kalibu inatolewa karibu na mwisho. Ina bawaba katikati. Inakunjwa, inateleza nje, na kiatu kwa mara ya kwanza kinasimama chenyewe. Ndani kinabandikwa kipande cha ngozi chenye jina la kampuni. Kiatu kinapakwa krimu, kinaachwa kinywe, kinapakwa dawa ya viatu, kinasuguliwa kwa brashi na kitambaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka pua ianze kuonyesha dirisha. Kamba zinapitishwa kwenye matundu. Mkaguzi anavishika viatu vyote viwili pamoja, kisigino kwa kisigino, soli kwa soli, na akiona kovu dogo ambalo mimi na wewe tungepita nalo, anairudisha jozi nyuma.

Kwa kuwa mshono wa pili umeshika ukanda tu, soli iliyoisha inaweza kuondolewa bila kugusa sehemu ya juu. Mwenye viatu huvirudisha kiwandani, vinavalishwa tena kalibu ya umbo na saizi ile ile vilivyozaliwa nayo, soli ya zamani inang'olewa, ukanda unabadilishwa ukihitaji, gome jipya la vizibo linajazwa, soli na kisigino vipya vinawekwa. Soli ya ndani inaachwa, kwa sababu imekwisha mjua mwenyewe.

Na viatu vya Kiingereza vya aina hii hufika hata kwetu, vimebanwa kwenye marobota ya mitumba, kwenye milundo ya masoko ya Gikomba na Karume, vikiwa na jina lililofutika ndani. Fundi wa barazani hahitaji jina. Anakigeuza kiatu, anapitisha ukucha kati ya soli na ngozi ya juu, anautafuta ukanda. Akiukuta, anatoa msharasi, anapaka uzi nta, na kuyafuata matundu yale yale, tundu kwa tundu, nyuzi mbili zikipishana. Mteja mwenye kiatu cha gundi anaambiwa akae kwenye benchi asubiri. Mwenye kiatu cha ukanda anaambiwa aje kesho kutwa.